Chumvi Nyingi

Bibi yangu Saturnina amekula chumvi nyingi,
na usidhani nasema kwa fumbo:
miaka sabini ameichota kwa sepetu,
ameianika, ameifunga kwenye mifuko ya kilo moja,
imemwingia hadi nyufa za visigino.
Hapa Colchani hatuvuni kingine.

Pacha wake, Leocadia, alipanda treni ya Antofagasta
akiwa na miaka kumi na tisa na sufuria moja,
akashuka bahari ilipo, kwenye hewa nzito,
hewa ya kushiba,
akaolewa na mchomelea vyuma wa bandarini.

Walizaliwa wakipishana robo saa.
Leo wana themanini na nne,
na kila Jumapili hushindana kwenye simu:
nani kazeeka?

Mimi ni muuguzi. Nina kibanio kidogo cha plastiki
kinachouma ncha ya kidole na kuwaka taa nyekundu.
Kidole cha Saturnina: themanini na saba kwa mia.
Cha Leocadia, kule pwani: tisini na nane.
Ningekuwa mwenye duka ningejua nani tajiri.

Walikuja watafiti kutoka La Paz,
wakamtoa Bibi vichupa vinne vya damu,
wakanieleza kwamba pumzi ituwashayo ndiyo ituunguzayo;
ndani ya kila seli mna jiko,
jiko halikosi cheche,
cheche hutoboa pazia.
Nikauliza: basi apumuaye kidogo huungua kidogo?
Daktari Iriarte, kijana bado, akakuna shingo.
Kuna nyakati, alisema, jiko lililonyimwa hewa
ndilo hufuka zaidi.
Akaandika kitu.
Akakifuta.

Agosti Leocadia akaja huku juu,
mara ya kwanza tangu msiba wa mama yao.
Midomo iligeuka zambarau kabla basi halijasimama.
Nikamkodia mtungi wa oksijeni, nikamtia mrija puani,
naye akatoa mkobani vidonge vya rangi ya asali,
vya kuzuia kutu ya mwili,
ghali kuliko viatu vyangu.
"Vinafanya kazi?"
"Si unaona sijafa."
"Hata mimi," akasema Saturnina, "na sijalipa."

Niliwatazama, wote wawili kwenye benchi moja.
Uso wa Saturnina jua limeugeuza ngozi ya kiatu;
wa Leocadia laini, ila moyo wake
unaendeshwa na betri.
Nenda kapime hapo, utuambie.

Jioni tukaenda kwenye makaburi ya treni, nje ya Uyuni,
injini zilizolala mchangani matumbo wazi,
upepo wa chumvi ukizilamba ubavuni.
Leocadia alidai anaitambua yake.
Zote zimefanana, lakini akaiwekea kiganja,
na kiganja kikarudi chekundu.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo yenyewe ni hewa.
Chuma nacho kilipumua, taratibu,
mpaka kikawa unga.

"Nipe nionje," akasema Saturnina.
Akauvuta mrija mara tatu, macho yamefumbwa.
Kibanio kikapanda: tisini, tisini na tatu, tisini na sita.
Mashavu yakaiva kama ya msichana aliyeitwa jina
na asiyetarajia.
Akaurudisha upesi.
"Tamu," akasema. "Tamu kama deni."

Mtungi ukaendelea kunong'ona.
Jua lilikuwa likizama nyuma ya tangi la maji lililotoboka,
na mimi nilikuwa nikihesabu, kwa mazoea,
vifua viwili vikipanda na kushuka,
kimoja haraka, kimoja polepole,
mara chache sana vikakutana.

Leocadia akatafuta pa kufutia mkono,
akaupangusa kwenye aproni nyeupe ya dada yake,
vidole vyote vitano.

Saturnina hajaifua.